Mama Mkwe Ndani ya Gari-Nyumba

Ngendakumana alijua fika kwamba pesa ile ilikuwa ya matofali. Asije mtu hapa akamtetea. Mkewe Inamahoro alimwambia asubuhi, akamkumbusha tena mchana kwa simu: nyumba ya Mama kule Bwegera imeanguka na mvua, nenda kanunue matofali na simenti, tumjengee chumba hapa kwetu. Mwanaume akaitikia vizuri, akavaa viatu, akaenda zake. Jioni akarudi Kilibula, mtaani kwao Uvira, akiendesha gari lenye kitanda, jiko, sinki na choo ndani.

Gari lenyewe alilipata Kavimvira, karibu na mpaka, kwa mzee mmoja wa Uswisi aliyekuwa amenuia kufika nalo mwisho wa Afrika. Barabara zetu zilimtia adabu. Alipofika Uvira mgongo ulikuwa umemwisha, akaliuza kwa bei ya kutupa, akavuka mpaka kwenda Bujumbura kupanda ndege. Sasa mchukue mtu kama Ngendakumana, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mtu aliyekimbia vita mara nne maishani mwake na godoro kichwani, umwonyeshe nyumba yenye injini. Angefanya nini? Aliizunguka mara moja tu, akatoa pesa. Siku nikikimbia tena, alijiambia, godoro litakuwa ndani, na mimi nitakuwa nimeketi.

Inamahoro alisimama mlangoni akalitazama lile gari muda mrefu. Hakupandisha sauti. Huyo ni mwanamke ambaye akifoka unashukuru Mungu, maana yataisha. Akinyamaza ndipo ukae macho.

"Mama yangu atalala wapi?" akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na hata ingekuwa na kumi isingesaidia kitu. Kwao wote wawili, watu wa bonde la Ruzizi, mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, na akiwa na neno la kumwambia humpitishia mke. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, Ngendakumana na mama mkwe wake, Mama Kankindi, hawakuwahi kuambiana hata habari ya asubuhi. Hawakuchukiana hata kidogo. Waliheshimiana, na heshima hiyo waliishika kwa mikono miwili.

Hofu ikamfungua mwanaume mdomo. "Atalala humo," akasema, akilionyesha gari. "Hii ni nyumba kamili. Iko na paa lake, iko na mlango wake. Si paa letu."

"Weye unasema ni nyumba?"

"Ni nyumba."

"Vizuri. Nitaipa mwezi mmoja," Inamahoro akasema. "Siku Mama atakapolalamika, hata mara moja, gari linakwenda kwa Akram, matofali yananunuliwa, na weye utayabeba mwenyewe." Akram alikuwa mfanyabiashara wa pale sokoni. Alikuwa ameshalitolea macho lile gari. Alitaka kukaangia chipsi ndani yake. Ngendakumana alipofikiria mafuta ya chipsi yakirukia yale mapazia, alikubali papo hapo.

Kununua gari la namna hiyo ni starehe ya siku moja. Kulitunza ndiyo adhabu yenyewe. Kwanza halikuingia kwenye parseli, yaani kiwanja chao, mpaka ang'oe ukuta wote wa mabati upande wa barabara, alipitishe, kisha aupigilie misumari upya nyuma yake. Mzungu alikuwa amemwachia daftari la maagizo kwa Kifaransa, na Ngendakumana alilisoma kama katekisimu. Gari liegeshwe mahali tambarare. Kilibula tambarare utaipata wapi? Parseli yao inateremka kutoka milimani kuelekea barabarani, kwa hiyo akaweka mawe mbele na nyuma ya kila tairi. Matairi yafunikwe jua lisiyapasue. Panya wazibiwe kila tundu. Tangi la maji lisikae na maji ya zamani. Kioo cha umeme wa jua juu ya paa kifutwe vumbi, ndicho kinacholisha betri. Na kila wiki injini iwashwe kwa dakika kumi, la sivyo betri itakufa.

Mama Kankindi aliletwa siku ya Jumatatu na magunia matatu ya mchele, majembe yake na kuku watano. Alipanda ngazi ndogo, akaingia, akafunga mlango. Siku ya tatu Ngendakumana alikwenda na ufunguo kuwasha injini kama daftari lilivyosema. Mkono ulipofika kwenye kitasa, akasikia Mama akikohoa ndani, na hapo ndipo alipoliona kosa lake lote. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alisema hii ni nyumba. Nyumba ya nani? Ya mama mkwe. Na kitanda cha mama mkwe kiko hatua mbili kutoka kwenye usukani. Kwenye gari lake, lenye karatasi za jina lake, hakuwa na ruhusa ya kuingia. Akarudi jikoni, akakaa juu ya ndoo.

Tangu siku hiyo alilitunza kwa nje, mgongo ukiwa umeelekea madirishani, akipapasa matairi mikono ikiwa nyuma. Ndani, Mama Kankindi alipanga maisha yake. Choo ndani ya chumba cha kulala aliona ni kukosa malezi, akawapa kuku. Sinki aliiwekea udongo, akaotesha vitunguu. Alipanda ngazi mwenyewe kuwaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, juu ya kile kioo cha paa, kwa sababu kilipata moto vizuri na paka hawakufika. Halafu akagundua honi. Akitaka chumvi, anapiga honi. Akitaka Inamahoro amsaidie kusuka mkeka, anapiga honi. Mtaa mzima ukajua saa za Mama kunywa chai.

"Gari langu linanuka ndagala," Ngendakumana alimwambia mkewe.

"Mama amelalamika?"

"Hapana."

"Basi na weye usilalamike."

Kila asubuhi Inamahoro alikwenda dirishani kumuuliza mama yake amelalaje, na kila asubuhi Ngendakumana alijibanza nyuma ya jiko, mswaki mdomoni, masikio wima. Nimelala, Mama angesema, na yeye angepumua. Siku moja Mama alisema jua la Uvira ni kali. Inamahoro alifikiri sana kama hilo lilikuwa lalamiko juu ya nyumba au juu ya jua. Kabla hajaamua, mumewe alikuwa ameshatandaza turubai kwenye miti minne juu ya gari, ametoka jasho, anatabasamu kama mwizi aliyeponea dirishani. Jambo likapita.

Siku ya ishirini na sita Inamahoro alikuwa ameenda sokoni. Mvua ilianza kule milimani kabla ya kufika mjini, na watu wa Uvira wanajua maana yake: maji yatashuka na mawe. Kijito kilichopita nyuma ya parseli kilianza kunguruma. Jirani yao Tambwe, muuza vitambaa mwenye duka ng'ambo ya barabara, akaja mbio, kanzu ameishika mkononi.

"Papa Ngenda, ondoa gari. Maji yanakuja."

"Siwezi. Mama yuko ndani."

"Muombe atoke."

"Minye nitamuombaje? Muombe weye."

Tambwe akasogea dirishani. "Mama, mkweo anaomba utoke, maji yanakuja."

"Nitoke niende wapi?" sauti ya Mama ikajibu. "Kwenye nyumba ya mkwe wangu? Muntu wa umri wangu?"

Tambwe akarudi. "Anasema..."

"Nimemsikia," Ngendakumana akasema. "Basi ingia weye uendeshe."

"Niingie kwenye chumba cha mjane wa watu? Hapana, ndugu yangu. Tena sijui kuendesha."

Maji yalikuwa yameanza kupita chini ya jiko la nje. Wanaume sita wa mtaa walikuwa wamefika, wamejiweka nyuma ya gari, wanangoja kusukuma. Betri ilikuwa imekufa zamani, kati ya honi na ndagala. Alihitajika mtu mmoja tu wa kushika usukani, na kulikuwa na mtu mmoja tu ndani.

"Mwambie akae kiti cha mbele," Ngendakumana akasema, akimkabidhi Tambwe ufunguo. "Aingize huu, auzungushe kidogo, usukani ufunguke."

Tambwe akapeleka ufunguo na maneno. Mama Kankindi akajifunga kitenge vizuri, akakaa. Ngendakumana aligeukia ukutani ili asimwone, mvua ikimpiga, akaanza kufundisha udereva kwa njia ya jirani.

"Mwambie ashushe ule mti wa breki ya mkono, ulio pembeni ya kiti."

"Mama, anasema ushushe ule mti."

"Upi? Iko miti miwili."

"Anauliza upi."

"Ule mfupi."

"Mfupi, Mama."

"Mfupi ndio huu nimeutundikia rozari?"

Tambwe akageuka. "Anasema huo ameutundikia rozari."

"Huo ni wa gia. Asiuguse. Ashushe ule usio na rozari."

Mti ukashuka. Ngendakumana alipiga magoti kwenye tope, akaondoa mawe, wanaume wakasukuma, na gari likaanza kuteremka. Mwanzo lilikwenda vizuri, kwa heshima. Halafu mteremko ukalichukua, na wanaume sita wakajikuta hawasukumi kitu.

"Mwambie akanyage breki," Ngendakumana akasema.

"Mama, mkweo anasema u..." Tambwe akateleza, akaanguka kifudifudi na sentensi mdomoni.

Gari likapita na ukuta wa mabati kana kwamba ulikuwa wa karatasi, likavuka barabara, likielekea mlango wa duka la vitambaa. Ngendakumana alikimbia sambamba na dirisha. Alisahau bonde la Ruzizi na miaka ishirini na miwili. Akashika kioo, akamtazama mama mkwe wake machoni, akapiga ukelele.

"Mama, kanyaga! Kile cha katikati!"

Mama Kankindi naye akamtazama. Kisha akakanyaga. Gari likasimama mkono mmoja kutoka kwenye vitenge vya Tambwe. Ndani kuku walipiga kelele, halafu wakatulia.

Nyuma yao maji yalifika kwa nguvu. Yalibeba jiko, yakabeba turubai na miti yake minne, yakajaa pale gari lilipokuwa limeegeshwa mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima. Nyumba ya vyumba viwili, kwa sababu ya msingi wake, iliponea chupuchupu. Ngendakumana hakuangalia lolote kati ya hayo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake vya miguu. Alikuwa amemfokea mama mkwe wake, hadharani, uso kwa uso.

Mvua ilipopungua Inamahoro akatokea, kikapu kichwani, akisukuma watu apite. Aliona ukuta uliolala. Aliona bwawa. Akainua macho, akamwona mama yake kwenye usukani.

"Nimeondoka asubuhi Mama yuko kitandani," akasema. "Ninarudi, ninakuta ni dereva."

Tambwe alikuwa bado anatema tope.

"Nyumba gani hii inayotoroka na mama yangu?" Inamahoro akamgeukia mumewe, na safari hii sauti ilipanda. "Imetosha. Kesho Akram aje alichukue. Tunanunua matofali."

Ngendakumana aliligusa gari ubavuni, pale mabati yalipolikwaruza, na moyo ulimuuma kweli, kama vile mtu anayemsindikiza ndugu bila kujua atamwona tena lini. Alikuwa amelipenda lile gari, na hakuwahi kukaa ndani yake zaidi ya safari moja ya kutoka Kavimvira.

Mama Kankindi akashusha kioo. "Inamahoro, nani amelalamika?"

"Mama, umekaribia kufa."

"Nimekuuliza, nani amelalamika?" Akaupiga usukani kofi. "Nyumba yangu ya Bwegera ilikuwa ya matofali. Ilikaa palepale, ndiyo maana mvua iliikuta. Hii imeona maji, ikaondoka. Usiniletee matofali."

Inamahoro akashusha kikapu chini.

"Na huyu mwanaume aache kuangalia chini," Mama akaendelea. "Ameshaniona, na macho yake hayajapasuka."

Kwa watu wa ukoo wao, haya ya mkwe ina mtu mmoja tu mwenye haki ya kuiondoa, naye ni mama mkwe mwenyewe. Humpa mkwe kitu mkononi, mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi. Wengi hufa hawajafanya hivyo. Mama Kankindi alichomoa ufunguo, akaunyoosha nje ya dirisha, na Tambwe alipojongea aupokee kama alivyozoea, akamnyima. Aliushika pale mpaka Ngendakumana alipoinua mkono wake uliojaa tope akaupokea mwenyewe. Vidole vyao viligusana. Machozi yakamtoka mwanaume wa miaka hamsini na minne, na hakujisumbua kusingizia mvua.

"Ingia," Mama akasema. "Sitalala mbele ya duka la watu."

Akaingia. Kulinuka ndagala, kulinuka kuku, vitunguu vilikuwa vimeota vizuri. Mama alihamia kiti cha pili. Inamahoro alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia la mchele, akawa anajipangusa uso na kona ya kitenge na kutazama pembeni. Wanaume sita wakaligeuza gari, wakalisukuma tena kufuata mteremko, safari hii na Ngendakumana kwenye usukani. Aliachia klachi, injini ikakohoa, ikakataa, halafu ikashika. Akakanyaga mafuta kwa furaha, mabega yamepanda, tayari kwenda popote pale barabara ilipokauka.

"Polepole, mwanangu," Mama Kankindi akasema. "Nyumba yangu iko na sahani."