Mpira au Vidonge

Katika wodi ya wazazi Bwera mimi ndiye mkalimani. Sikusomea kazi hii. Nilijifundisha kwa vitabu vikuukuu vya uuguzi nilivyovinunua sokoni Kasese, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze.

Asubuhi hiyo nesi Gorret aliniita kwenye kitanda cha Kahambu, mama aliyekimbia kutoka upande wa Beni. Siku zake za kujifungua zilikuwa zimepita kwa wiki nzima na presha ilikuwa inapanda. Uchungu ulipaswa kuanzishwa leo, lakini mlango wa kizazi ulikuwa bado mgumu, kwanza ulainishwe. Gorret ni wa Masaka, binti wa mwanajeshi, na Kiswahili chake chote alikiokota kambini: lala, amka, leta mkojo. Kwa hiyo akaniambia kwa Kiganda, "Mweleze mpira. Akikubali, naweka. Akikataa, daktari atampasua saa nne."

Kahambu alishapasuliwa mara moja, Butembo, mtoto wa kwanza. Wa pili alimzaa kawaida. Hakutaka kisu tena. Mume alibaki ng'ambo ya mpaka, na mwenye mshono mpya hachoti maji.

Kazi yangu ilikuwa sentensi tatu. Nikafungua daftari.

Niliona si haki mtu aambiwe njia moja wakati zipo mbili. Nikaeleza vidonge: vinamezwa kwa maji kila baada ya saa mbili. Nikaeleza mpira: mrija mwembamba unaoingizwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi, kichwani una puto linalojazwa maji, likandamize taratibu mpaka mlango ufunguke nalo lidondoke lenyewe. Faida nne huku, nne kule. Sauti yangu ni ya chini, hivyo vitanda vya jirani vilinyamaza ili visikose kitu. Nilijivunia mizani ile.

"Nimesikia," Kahambu akasema. "Mi nataka vidonge."

"Subiri, mama, sijafika kwenye..."

"Papa Desire, wewe mwenyewe umesema ni ya kumeza na maji. Mupira, mutaupitisha wapi? Hapana!"

"Hata mimi ningemeza," akaunga mkono mama mnene wa Kyondo, kitanda cha pili.

Ukurasa wa sita wa daftari langu unaitwa Tahadhari. Unasema mwenye kovu la upasuaji asipewe vidonge, kwa maana uchungu unaweza kuja kwa nguvu mno na kovu likaachia. Niliuweka mwisho kwa sababu vitabu vyote huuweka mwisho.

"Amesema nini?" Gorret akauliza.

"Anataka vidonge."

"Nani alimtajia vidonge?"

Nikamwonyesha daftari.

"Mwenye kovu, Desire!" Kisha akahamia Kiswahili ili wodi yote ifaidi: "Mwalimu! Funga kitabu! Funga mdomo!"

"Anakugombeza juu ya nini?" Kahambu akauliza.

Nikamsomea ukurasa wa sita, habari ya kovu. Akaweka mkono tumboni.

"Basi ile ya kumeza ingeniua?"

"Ingeweza."

"Na uliisifu namna ile!" Akaelekeza kidevu kwenye daftari. "Na mupira? Nayo iko na ukurasa wa sita?"

Uko nao, na nilikuwa nimeshaanza kuufunua.

"Acha. Mi sitaki kurasa. Kama ningekuwa dada yako, ungesema nini?"

"Inategemea, mama..."

"Haitegemei! Niko dada yako, niko hapa, presha inapanda."

Kwa miaka tisa nilikuwa nimelikwepa swali hilo na kuita ukwepaji huo heshima.

"Mpira," nikasema, kwa sauti kubwa hata mama wa Kyondo akashtuka.

"Basi aweke."

Puto liliingia saa mbili na nusu, likadondoka saa nane. Gorret akapasua chupa ya uzazi, akafungua dripu ya uchungu tone kwa tone, mkono wake hauondoki tumboni mwa Kahambu. Mimi niliketi kwenye benchi la nje, sina wa kumweleza chochote. Saa kumi na moja Kahambu alizaa binti, bila kisu.

Gorret akatoka. "Kamwambie uzito. Kilo tatu na robo. Uzito tu."

Nikaingia, nikasema.

"Ni muzuri?" Kahambu akauliza.

Jedwali la uzito nalijua kwa moyo, pamoja na wastani wake na mambo matatu ya kuzingatia.

"Ni mzuri," nikasema, nikatoka mbio kabla sijaongeza neno.