Mji wa Milango Inayojifunga

Siku ile wageni walinisemea maneno ambayo hata mbuzi aliyekula mboga hasemewi. Televisheni za nyumba yetu ya wageni zinapata picha kupitia waya ule ule wa mtandao wa kompyuta, na picha zilikuwa zinakatika. "We dada, mpira umekata tena!" Nikifika, nabadili chaneli, narudisha, picha inakuja safi. Nikigeuza kisogo tu, imekufa. Ambakisye, fundi wetu, alicheka: "Mbona juzi nimeusafisha mtandao? Nimetoa hata kile kidude cha kuuliza-uliza ovyo, kelele tupu." Ndipo bosi, Mzee Mwasulama, akanigeukia mbele ya wageni. "Wewe ndiye unayefagia chumba cha mitambo. Kesho wageni wa semina wakikuta hali hii, funga kanga zako urudi kwenu." Nikatazama sakafu, sikusema kitu. Jua halijazama nikajitupa juu ya shuka chafu kwenye chumba cha kufulia, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika mji wa mlimani, ambako sauti zilitiririka mferejini kama maji: huku nyimbo, huku habari, huku mahubiri. Kila nyumba ilikuwa na mlango wake wa kupokea. Kwenye njia panda ya mifereji alikaa mama mmoja mwembamba, masikio yake makubwa kama majani ya mgomba, mikono haitulii, anafungua hapa, anafunga pale. "Mimi ni Usikivu," akaniambia. "Kabla yangu alikaa hapa Bwana Mwagia-Wote. Kila sauti aliimwaga kila mlango, aliyetaka na asiyetaka, hata watu wakawa wanazama vitandani mwao katika nyimbo ambazo hawakuziomba. Mimi simwagi. Asemaye 'nataka', namfungulia. Asiyesema, namwacha na utulivu wake."

Nikaona ni haki, mpaka nilipotazama vizuri. Nyumba moja watu walikuwa wanasikiliza hadithi, wameegemea ukuta, watoto wameachama vinywa. Mara Usikivu akafunga mlango wao, hadithi ikakatika katikati ya neno. Wakatoka wakimtukana. Mmoja akapaza sauti, "Tunataka!" Usikivu akafungua. Wakaketi, wakanyamaza kusikiliza, naye baada ya kitambo akafunga tena. Nyumba kwa nyumba ikawa hivyo, mji mzima matusi. Nikashindwa kuvumilia. "Mama, una roho gani? Si unawaona wanasikiliza?"

"Siwaoni, mwanangu. Nina masikio tu, macho sina." Akanigeuzia uso, na kweli, palipopasa kuwa na macho palikuwa laini kama kiganja. "Mlango hauwezi kukaa wazi milele kwa neno la jana. Huenda mwenyewe amehama, huenda amekufa. Akikaa kimya mno, nahesabu hayupo. Nao wanakaa kimya kwa sababu wanapata. Nani atapiga kelele 'nataka' na huku kijiko kimo mdomoni?"

"Basi zamani ilikuwaje?"

"Zamani alikuwepo Bi Kuulizia."

Akaninyooshea kidole hadi nje ya ukuta. Bibi mfupi alikuwa amekalia jiwe, sauti imemkauka. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mji akiita, "Jamani, nani bado anataka?" Nyumba zikajibu, "Tupo!" na Usikivu akaacha milango wazi. Lakini mkuu wa mji, Bwana Najua, alichoshwa naye. Nilimkuta langoni, kifua mbele. "Huyo bibi ni mbea," alinifokea. "Ya nini kuuliza? Watu wangu nawajua."

"Unawajua, mbona wanakatiwa?"

"Ni uzembe wa wafagiaji!"

Hapo nikataka kupiga yowe, sauti isitoke. Bi Kuulizia akanishika mkono. "Mimi wamenifukuza. Wewe nani kakufunga mdomo? Katika mji usio na wa kuuliza, anayengoja kuulizwa hufungiwa."

Nikazinduka, alama za mishono ya shuka shavuni. Nikaenda mapokezi nikiwa hivyo hivyo.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kumbe bado upo?"

"Nipo. Mitambo sijaigusa, na kazi bado naitaka."

"Mbona mchana ulinyamaza? Nikajua umekubali."

"Hukuniuliza." Nikamgeukia Ambakisye, aliyekuwa anatafuna karanga. "Kaka, kile kidude ulichokitoa, kilikuwa kinauliza nini?"

"Aa, kinaziuliza televisheni ipi bado inata..." Taya likasimama. Akazoa funguo kauntani, akaenda mbio chumba cha mitambo.

Kidude kikarudishwa, na picha hazikukatika tena. Radhi sikuombwa na mtu. Bosi aliwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyegundua. Lakini asubuhi, kabla ya semina, alipita mlango wa kufulia, akarudi nyuma hatua, akachungulia kama mtu anayejaribu neno geni mdomoni. "Tusekile, upo?"

Nikajibu hajafunga kinywa.