Ukurasa wa Marehemu

Mhadhiri alipofika sura ya tatu ya tasnifu, kalamu ilimtoka mkononi. "Udongo hauna haraka, mwenye haraka ni mkulima." Maneno hayo yalikuwa ya marehemu mumewe, na yeye mwenyewe alikuwepo siku mume alipoyaandika kwenye makala yake. Ukurasa mzima ulikuwa wake, nukta kwa nukta, bila alama za kunukuu, na hata kwenye marejeo jina lake halikuwepo.

Aliyeiandika tasnifu hiyo alikuwa mwanafunzi ambaye marehemu alimpenda kama mwana wa kumzaa. Alipoitwa ofisini, kijana aliinamisha kichwa.

"Mama, nimezisoma makala zake hadi nikayaona maneno ni yangu. Nisamehe."

"Ungelitaja jina lake tu, mwanangu. Ningelia kwa furaha."

"Nitaliweka leo hii."

"Umeshawasilisha, maji yamemwagika. Siwezi kujifanya sikuona."

Alitamani kunyamaza, maana damu nzito kuliko maji, na huyu alikuwa amekuwa damu. Lakini mumewe hakuwa hai kujitetea. Akaipeleka taarifa kwenye kamati, nayo ikaikataa tasnifu na kumsimamisha kijana masomo kwa mwaka mzima.

Tangu hapo kijana hakupokea simu zake. Jumapili, siku ambayo kijana alizoea kuja kula kwake, mama wa watu alipakua sahani mbili bila kufikiri. Alipogundua, alikaa mezani akalia mpaka chakula kikapoa.