Baiskeli ya Kulala Chali

"Usinitazame hivyo," Kengele alisema. Alikuwa amelala chali uani, miguu ameinyoosha, mikono kando ya mapaja. "Napima urefu wa kiti tu."

Mkewe aligeuza uso, akaendelea kukamua nguo. "Basi kunja magoti. Mtu mzima hapimwi akiwa amenyooka."

Akayakunja. Chini yake lilipita bomba refu lililokuwa ubavu wa kitanda cha hospitali, alilookota kwa muuza vyuma chakavu. Mbele alikuwa amelichomea uma wa baiskeli ya mtoto, na gurudumu lake dogo. Nyuma ilikuwa nusu ya baiskeli yake mwenyewe, ile iliyombebea mikate tangu ujana. Minyororo mitatu ilikuwa imeunganishwa kuwa mmoja, nao ulipita chini ya kiti juu ya roda ndogo. Usukani ulikuwa chini ya mapaja. Aliushika kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

Mtaa ulimwita Kengele kwa sababu ndiye aliyeuamsha, alfajiri kwa alfajiri, akipeleka mikate madukani. Kisha siku moja, akiwa anapakia kreti, kitu kilikatika kiunoni, na tangu hapo akawa mtu wa kulala. Alikaa miezi uso ukutani, akijibu kwa "mh" na "sawa". Daktari alimkataza kuinama na kukaa wima kwa muda mrefu. Akampa na zoezi: alale chali, akanyage hewa kama anayeendesha baiskeli.

Kengele alikanyaga hewa wiki nzima. Siku moja akamwambia mkewe, "Mama Wawili, nikifanya hivi kiuno hakiniumi." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mwaka ule. Kesho yake akaomba apelekwe kwa muuza vyuma.

Fundi cherehani aliyekuwa jirani yao alimshonea kiti cha turubai. "Nimeshona suruali, nimeshona mapazia," alisema huku akivuta uzi kwa meno. "Kitanda cha kwendea kazini ndiyo kwanza leo. Ukisinzia njiani, usiseme ni mshono wangu."

Mwenye tanuri la mikate alikuwa amemshikia njia yake kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Sasa palikuwa na kijana mwenye pikipiki anayesubiri. "Jumatatu, Kengele," alimwambia, wala hakusema kwa ubaya. "Zaidi ya hapo nitakuwa namzungusha mtoto wa watu."

Mara ya kwanza alipoitoa baiskeli uchochoroni, aliyumba mpaka ukuta ukamchubua kiwiko. Mara ya pili akaenda. Aliyasubiri maumivu hadi kwenye kona, yakakawia. Akayasubiri wakati wa kurudi, hayakuja. Alisimama mbele ya mlango wake akihema, na mkewe alipomwona usoni alilazimika kuingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukijua.

Alipotoka alikuwa na neno jingine.

"Yule mama mwenye kapu nusura akukanyage."

"Hakuniona."

"Ndiyo nasema. Uko chini mno, Baba Wawili. Watu hutazama nyuso, hawatazami magoti. Sasa huko barabara kuu, kwenye malori ya mchanga?"

Kengele akafunga kitambaa chekundu kwenye kijiti, akakisimamisha nyuma ya kiti. Mkewe akakitazama kikipepea, akasema, "Mwite kaka yangu."

Kaka yake alikuwa dereva wa lori la mchanga. Alikuja Jumapili na lori lenyewe, akaliegesha kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, akaizunguka baiskeli mikono mgongoni.

"Shemeji, hiki ni chombo cha usafiri au ni jeneza lenye breki?"

"Kaka," mkewe Kengele alisema.

"Natania, dada. Mtu na shemeji yake."

Lakini dada hakucheka. Alimtazama kakaye kwa kitambo, kama anayemwomba kitu mbele za watu, na Kengele akaliona jicho lile. Shemeji akakohoa. Akaigonga fremu kwa kidole. "Kazi safi, lakini. Kazi safi kabisa."

Wakapatana: shemeji apande juu, akae kwenye usukani kama yuko kazini. Kengele atapita karibu na lori, mbele na ubavuni. "Kila ukiniona, piga honi. Usiponiona, nyamaza. Usinionee haya."

"Nikuonee haya, wewe?"

Mke akarudi jikoni. Kengele akalala, akakanyaga. Akapita mbele ya lori, honi ikalia. Akapita kushoto, ikalia. Akasimama karibu na taa, mahali ambapo mtu husimama akisubiri njia, ikalia. Moyo ukaanza kumpanda. Ndipo alipoinua macho kutoka pale alipolala, akaona bamba la mbele, akaona taa, akaona ukingo wa boneti, na juu yake anga. Hakuona kioo wala uso wa mtu.

Akajiviringisha ubavu, akainuka polepole, akaikokota baiskeli hadi nyuma kabisa ya lori, pasipofikiwa na kioo chochote. Akasimama hapo, kiganja juu ya bati la moto. Kukawa kimya kidogo.

Honi ikalia.

Akangoja. Ndege wawili walikuwa wakigombania ganda la embe. Honi ikalia tena, mara mbili, kwa furaha.

Alirudi mbele, akajilaza, akatengeneza miguu. Shemeji aliposhuka alimkuta hivyo.

"Umeona mwenyewe," shemeji alisema akijifuta shingo. "Kote huko nakuona kama mchana."

"Mara ya mwisho nilikuwa wapi?"

"Si hapo hapo, karibu na taa."

Kengele alimtazama. Alikuwa mtu mwema, shemeji huyu; ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali siku ile.

"Una macho, shemeji," akasema.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. "Anakuona?"

Kengele alitazama baiskeli, akatazama dirisha la chumba chao, kule kwenye ukuta alioutazama miezi yote ile.

"Kila mara," akasema.

Jumatatu, kwenye makutano ya barabara kuu, alisimama kusubiri zamu yake. Mikate ilikuwa nyuma ya kichwa chake, bado ina joto. Mgongo ulikuwa kimya. Lori likaja likasimama ubavuni mwake, karibu kiasi cha kuligusa, na maji ya mchanga mbichi yakaanza kumdondokea kifuani, tone kwa tone. Malori yote yalifanana kutoka chini. Hakuweza kujua ni nani aliyeketi kule juu.

Ngurumo ya injini ikabadilika. Kwenye kashata, yale meno ya tairi la mbele, kulikuwa na kijiwe cheupe kilichonasa, usawa wa macho yake. Kikatikisika. Kisha taratibu kikaanza kupanda pamoja na tairi, naye akakifuata kwa macho.