Nyuma ya Uso wa Déogratias

Jumamosi ya kwanza Eulalie alijifanya anatafuta vikombe. Aliinama mbele ya kila gunia lililotandazwa kwenye mteremko wa Kadutu, pale wanapouza vitu vya kale, akashika pasi za makaa zisizo na mpini, redio za kaseti, kufuli zisizo na funguo, na kila alipoulizwa alijibu, "Vikombe tu, maman." Macho yake hayakuwa kwenye vikombe. Yalitafuta fremu moja ya mbao nyeusi yenye picha ya marehemu mumewe.

Hakuthubutu kuitaja. Tangu zile siku za vita za Februari, nyumba za mtaa wao zilipoporwa na watu wakabeba hata milango, kila mtu alijua baadhi ya vitu vya magunia yale vilitoka wapi, na wauzaji nao walijua kwamba watu wanajua. Mteja akitamka "hiki ni changu", gunia lilikunjwa papo hapo na kitu kikapotea moja kwa moja. Kwa hiyo aliufunga mdomo wake akaendelea kupindua vikombe.

Picha yenyewe aliikumbuka vizuri. Uso wa Déogratias angeweza kuuchora kwa kidole gizani. Alichokitafuta kilikuwa nyuma ya uso ule. Miaka sita iliyopita, Déogratias akichimba dhahabu huko Mwenga, alipigwa picha akampa jirani aliyekuwa akirudi Bukavu amletee mkewe, na upande wa nyuma aliandika maneno kwa kalamu ya bluu, mistari iliyojaa ukingo hadi ukingo. Majuma mawili baadaye shimo lilimfunika. Mwili haukupatikana. Yale maneno ndiyo ya mwisho aliyomwachia mkewe, na mkewe hakujua kusoma.

Déogratias hakujua kwamba hajui. Siku za uchumba Eulalie alimwambia amefika darasa la sita, na kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa aliilinda aibu hiyo kama wengine wanavyolinda akiba. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo, akachungulia jirani amefungua wapi, naye akafungua hapo hapo na kuimba kwa kichwa. Angempa nani sasa ile picha amsomee? Maneno ya mume kwa mkewe yapite kinywani mwa mtu mwingine, na mtu huyo aondoke akijua mambo mawili: siri ya ndoa yao, na uongo wake. Shemeji yake Guylain ndiye aliyejitolea kwa haraka kuliko wote. "Lete nisome, shemeji. Labda ameandika habari ya parcelle, hiki kiwanja." Eulalie alimwona akiitazama picha kwa jicho la kiwanja, si la ndugu, na siku iliyofuata aliipeleka kwa fundi seremala.

"Ibandike," alimwambia. "Ibandike kabisa kwenye ubao, asiitoe mtu."

Fundi aliibandika kwa gundi ya mbao, akamweleza kwamba siku akitaka kuitoa aloweshe kwa maji ya moto, taratibu, bila kuvuta. Guylain alipokuja alikuta uso wa kaka yake umetundikwa ukutani, na maneno yamelala salama nyuma yake.

Kisha Eulalie akaenda kujiandikisha parokiani, kwenye darasa la watu wazima. Alianza na *a* na *ba*, akiwa na magoti yaliyobanwa chini ya dawati la watoto. Mwaka wa kwanza alisoma silabi, wa pili maneno, miaka iliyofuata sentensi, na Januari hii alimaliza ukurasa mzima bila kidole cha mwalimu. Angeweza kuitoa picha jioni ile ile. Akaogopa. Akajiambia ataifungua Pasaka. Februari ikatangulia, alikimbilia parokiani kwa siku tatu, na aliporudi, ukutani palikuwa na msumari peke yake.

Kwenye gunia la mwisho, karibu na mfereji, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano alimwinulia kibao cha bati.

"Maman, karibia! Hii iko ya mariage, ya harusi. Imeandikwa 'Mungu abariki hii nyumba'. Unatundika kwa mulango, na baraka inaingia."

Eulalie alikitazama. Midomo yake ikaanza kusogea yenyewe, kama darasani.

"Haijaandikwa hivyo."

"Imeandikwa nini?"

"M-bwa. Mu-ka-li. Mbwa mukali."

Mwanamke yule alikigeuza kibao kana kwamba maneno mengine yangekuwa nyuma. "Yesu wangu! Na ingine nilishauzisha kwa bibi-harusi wa Panzi! Njo ataitundika juu ya kitanda!"

"Labda inamufaa bwana yake."

"Bwana yake njo atatuambia!"

Walicheka hadi muuzaji wa redio akawageukia. Eulalie alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Tangu Februari hajacheka. Yule mwanamke, jina lake Rosette, alifuta machozi, akasogeza kigoda. "Ikala hapa, maman. Kuanzia leo wewe njo macho yangu."

Akaketi. Na alipoketi aliona kwamba nyuma ya Rosette zimeegemezwa fremu, ishirini au zaidi, zote tupu na zote zimepakwa rangi ya dhahabu.

"Ziko nzuri," alisema.

"Nazipaka miye mwenyewe. Kitu kikishapata rangi hakina mwenyewe wa zamani tena."

Hapo angesema. Lakini Rosette alikuwa amemmegea muhogo wa kuchoma, na kumwuliza mtu anayekulisha kama anauza vitu vya wizi kulimshinda. Akaahirisha hadi Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi iliyofuata Rosette alimpokea kwa kumpigia makofi. Alikuwa amemwekea kando kila kitu chenye maandishi, naye Eulalie alimsomea chupa za dawa, makopo ya maziwa, hata sahani ya ukumbusho wa jubilei ya padri fulani. Walizungumza kama watu waliokua ua mmoja. Rosette alimweleza jinsi alivyofiwa na watoto wawili, bila kulia, huku akipaka rangi. Eulalie alimweleza habari ya mume na shimo, lakini habari ya picha aliiruka.

Saa za mchana alikuja mama mmoja mwembamba aliyevaa kitambaa cheusi, ameikumbatia bahasha ya plastiki. Jina lake Anne-Marie, anatoka Mumosho. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya kijana mwenye shati jeupe.

"Ni mutoto wangu Fabien," alisema. "Alikuwa analeta muchele. Walimuulia kwa barabara ya Sange." Kisha akaanza kuzitazama fremu, akashika moja, akaiacha, akashika nyingine, mpaka ikaonekana wazi kwamba hana nguvu ya kuchagua.

Eulalie ndiye aliyesimama. Alizipima moja moja kwa mikono, akagonga mbao kwa kidole, akachomoa moja iliyokuwa nzito kuliko zote. "Chukua hii, maman. Mbao yake ni ngumu, na ubao wa nyuma ni mzima. Itamtunza." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Anne-Marie alimshika mkono muda mrefu, akaondoka na fremu kichwani.

Jumamosi ya tatu Eulalie alisema kwamba anatafuta picha ya mumewe iliyoibwa Februari. Hakusubiri hata kuketi.

Rosette hakukunja gunia. Aliweka brashi chini, akainuka akavuta mfuko wa unga kutoka nyuma ya fremu. "Miye sichome uso ya mutu," alisema polepole. "Wala situpe. Naogopa. Kadre, hizi fremu, nauzisha, lakini sura zao zote ziko humu."

Walizimimina kwenye gunia: komunyo za kwanza, maharusi, wanafunzi wenye vyeti, wazee walioketi wima kwenye viti vya kuazima. Eulalie alimkuta Déogratias chini ya mtoto mchanga wa mtu mwingine. Alimgeuza.

Nyuma palikuwa peupe. Si peupe pa karatasi safi. Pamechanika, pana manyoya manyoya, kama ngozi iliyobanduliwa.

"Ulimtoaje?"

"Na kisu. Nikavuta. Alikuwa ameshikamana mubaya, maman, sikujua..."

"Maneno yako wapi?"

Rosette hakuelewa swali mara moja. Kisha akaelewa, na mikono yake ikapanda kichwani. "Karatasi ya nyuma ilibaki kwa ubao. Ubao ulibaki kwa kadre."

"Na kadre?"

"Eulalie..." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Ni ile ulichagulia mama wa Mumosho."

Kwenye kona moja, ambapo gundi haikufika vizuri, kipande cha karatasi kisichozidi ukucha kilikuwa kimesalia mgongoni mwa Déogratias, na juu yake wino wa bluu. Eulalie alikisogeza kwenye mwanga. Alisoma bila shida yoyote. *Usi*. Baada ya hapo mpasuko.

Silabi mbili za mwaka wa kwanza. Usi. Mumewe alimkataza jambo. Usilie? Usiogope? Usiuze kiwanja? Usiningoje? Miaka sita amemngoja, amekataa wachumba wawili, amekaa katika chumba kinachovuja kwa sababu ni Déogratias aliyekipaka chokaa. Huenda alikuwa akilivunja katazo lake kila siku aliyoamka. Huenda alikuwa akilitimiza. Kabla ya kujua kusoma, maneno yale yalikuwa kitu kimoja kizima, chenye joto, kinachomngoja. Sasa yalikuwa mlango uliofunguka kiasi cha kidole na kukwama.

"Twende Mumosho," Rosette alisema. "Kesho, misa ikiisha. Nitamupa kadre ingine, nzuri kuliko ile. Ubao tutautia maji ya moto, na maneno yatatoka. Si ndivyo fundi alisema?"

Walikwenda kwa pikipiki moja, watatu pamoja na dereva, Rosette katikati akiikumbatia fremu mpya. Njia nzima alimwahidi Eulalie mambo. Eulalie alikuwa akijaribu kukumbuka kama ule mkono ulioandika ulikandamiza kalamu sana, maana alisikia kwamba wino uliokandamizwa haufutiki upesi.

Anne-Marie aliwapokea kwa furaha iliyowatia haya. Alidhani wamekuja kumfariji. Alimtuma mtoto wa jirani kununua sukari, akafuta viti kwa kanga yake, akawaketisha wakitazama ukuta. Fabien alikuwa hapo juu, ndani ya dhahabu, katika shati lake jeupe. Bega lake la kushoto lilikuwa la bluu.

"Ni mvua," Anne-Marie alieleza, akifuata macho yao. "Siku ile nilipotoka Kadutu, tone moja liliingia kwa sachet ya plastiki. Tone moja tu, na rangi yote ikatembea. Picha za hizi mashine za kuchapa haziwezi maji. Na ingine hakuna. Telefone ya Fabien walienda nayo."

Rosette alikohoa. "Maman, hii picha... uliiingiza tu, ao uliibandika?"

"Nilibandika. Na gundi ya mbao, kila pahali. Unyevu wa huku unakunja picha, na sikutaka aanze kujikunja." Akatabasamu kidogo kwa Eulalie. "Wewe uliniambia ubao ni mzima. Ulisema kweli. Ulikuwa na kikaratasi juu yake, sikukikwangua. Kimesaidia kushika."

Rosette alimtazama Eulalie, akaiinua kidogo ile fremu mpya kutoka mapajani, akafungua mdomo. Eulalie aliweka mkono juu ya goti lake akalikandamiza.

Alikuwa ameona jinsi itakavyokuwa. Angeeleza, na Anne-Marie angesikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Hangepiga kelele, hangewafukuza. Alikuwa na uso wa mtu ambaye, akiombwa na mjane mwenzake, angeinuka mwenyewe na kwenda kuchemsha maji, ingawa yangemfuta Fabien. Hilo ndilo lililomtisha Eulalie. Laiti angekuwa na hakika ya kukataliwa, angeomba.

Chai ikaja. Anne-Marie akasimulia jinsi Fabien alivyokuwa akipenda kiporo cha mchele kuliko cha moto, jinsi alivyotembea. Eulalie aliitikia mahali pa kuitikia. Kati ya uso wa kijana yule na ubao, kwa unene usiofika wa unyasi, yalikuwapo maneno ya Déogratias yote, kasoro silabi mbili, yameelekea gizani. Hakuna aliyeyachoma. Hakuna aliyeyaiba tena. Yangekaa pale muda wote ambao mama huyu angempenda mwanawe.

Jua lilipokuwa likishukia upande wa Ruzizi, Rosette aliinuka kwa uzito. Fremu mpya aliiacha juu ya kiti, akasema ni zawadi tu, ya picha nyingine. Hakuna aliyeuliza picha ipi. Nje, akitafuta pikipiki, alilia kama mtoto, akirudia, "Kisu yangu. Kisu yangu hii."

Anne-Marie aliwasindikiza hadi njia panda. Akamshika Eulalie mikono yote miwili, kama siku ile sokoni.

"Wengine wanakuja siku ya matanga, kisha hawarudi. Utarudi, maman?"

"Nitarudi," Eulalie alisema.

Alijua atarudi. Atarudi kila Jumapili atakayopata nauli, ataketi kwenye kiti kile kile, atakunywa chai na kuusikiliza utoto wa Fabien akiutazama ukuta, na mama huyu ataamini hadi kufa kwamba amepata rafiki aliyeguswa na msiba wake. Hangekuwa amedanganyika kabisa.

"Nitarudi," alirudia, akapanda pikipiki.