Ng'ombe Hawakujua Banda Limekwenda

Kimbunga kilipita mchana kweupe, na mpaka leo wapo wanaobishana kilitokea upande gani. Mimi sibishani na mtu. Nilikuwa barabarani na lori langu la maziwa, nikakiona kikivuka mitaa mipya ya pembezoni mwa mji na kushika njia ya mashambani, na nilipiga breki mpaka tairi zikalia.

Kilipotokomea nikakifuata, roho mkononi. Upande mmoja wa barabara nyumba zilikuwa zimevuliwa mapaa. Upande wa pili nguo zilikuwa bado kambani, hata kibanio hakijadondoka. Mabati yalikuwa yamejiviringisha kwenye nguzo za umeme. Sofa la mtu lilikaa katikati ya shamba la mahindi, linangoja wageni. Watu walisimama nje wakiitana, wengine wanacheka na kulia kwa pamoja. Niliwapungia mkono nikapita, maana nilikuwa namuwaza wifi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye mwenye ng'ombe wa maziwa kule mwisho wa barabara. Mimi na yeye ni paka na panya. Yeye husema naendesha lori kama nimeiba. Mimi humwambia anapenda ng'ombe kuliko ndugu, naye wala hakatai. Muda kama ule huwa bandani, anaandaa mashine za kukamulia.

Banda halikuwepo. Nyumba haikuwepo, wala ua, wala mti. Boma zima lilikuwa rundo la matofali, mbao na mapaa ya watu wa mjini. Kitu pekee kilichosimama ni tangi la maziwa, linang'aa bila aibu. Shemeji, mume wa wifi, alikuwa ameshafika na mtambo wake wa kuchimbia mitaro, anazunguka tu, hajui aanzie wapi.

Tulijua wifi angekimbilia shimoni. Katikati ya banda lile kulikuwa na shimo la mkamuaji: yeye husimama chini, ng'ombe juu kandokando, viwele vikiwa usawa wa mikono yake. Tulijua pia kwamba shimo hilo hujaa maji pampu ikizimika. Umeme haukuwepo, na mvua ilikuwa inamwagika.

"Chimba hapo nyuma ya tangi," nikamwambia shemeji.

Kila siku narudisha lori kinyumenyume mpaka kwenye tangi lile, na shimo liko nyuma yake tu. Hata usingizini ningepaonyesha. Shemeji naye hakubisha, kwani pale kwake kila kitu hupimwa kwa tangi. Majirani wakaja na majembe, tukafukua kufa na kupona. Chini tukakuta nyasi mbichi.

Nyasi, wakati banda lina sakafu ya saruji. Upepo ulikuwa umelibeba tangi tupu ukalisimamisha kwingine, wima kabisa. Niliona aibu, kisha hasira, kisha hofu ikanimaliza.

Ndipo wakaja ng'ombe. Walitoka malisho ya bondeni ambako kimbunga hakikufika, wamepanga foleni, viwele vimejaa. Mbele alikuwa Mwenyekiti, jike mzee aliyepewa jina hilo na wifi kwa sababu haingii mtu kabla yake. Majirani wakataka kuwafukuza.

"Waacheni," shemeji akasema.

Ng'ombe wa kukamuliwa ana nafasi yake, humhamishi. Nafasi ya Mwenyekiti ilikuwa kule mwisho kabisa wa banda, juu ya ngazi za shimo. Alipanda juu ya mabati taratibu, akapita mbali na tangi, akafika penye rundo ambalo hatukuwa tumeligusa, akageuza makalio na kutulia. Wenzake wakajipanga nyuma yake. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mtambo tuliuacha, tukachimba kwa mikono. Tulipoinua paa la mwisho tukaona maji meusi, na juu ya maji uso wa wifi, kidevu kimeelekea juu, anapumua.

"Nilikuwa nawasikia mkichimba kule," akasema. "Nikajua tu anayeelekeza ni wifi."

Nilicheka. Shemeji alimtoa akamkumbatia, hataki kumwachia, mpaka wifi akamsukuma pole pole akisema ng'ombe wanaumia. Mashine hazikuwepo, kwa hiyo ilibidi kukamua kwa mkono, maziwa yamwagike. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, havikushika kitu.

"Wifi, njoo," akaniita.

Miaka yote hiyo nabeba maziwa, sijawahi kukamua. Alinichuchumaza kando ya Mwenyekiti, akaweka mikono yake iliyopoa juu ya yangu, tukavuta pamoja. Maziwa yalitoka ya moto yakaingia matopeni, na sisi wawili tukaendelea kuvuta huku tunalia, wala hakuna aliyejificha.