Pindo la Uwanja

Jumatano saa tisa alasiri, Kocha alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya uwanja, akipima urefu wake kwa tepu ya kushonea nguo. Tepu yenyewe ilikuwa na mita moja na nusu tu. Kuupima uwanja mzima kulimlazimu apige magoti mara hamsini na saba, huku Komeo, golikipa wake, akichomeka kijiti kila tepu ilipoishia. Watu walishamshauri aazime tepu ndefu ya waashi. Lakini mama huyu alikuwa fundi cherehani tangu ana miaka kumi na saba, na alikuwa na kile kiburi kidogo cha mafundi: hakuazima kipimo cha mtu.

"Themanini na tano," alisema walipoufikia ukuta wa ghala, upande wa mashariki.

"Si ilikuwa tisini, Kocha?"

"Ilikuwa. Tepu imelegea tena, mwanangu."

Alisema hivyo kila mara. Mradi wa timu yao ulipoanza, uwanja ulikuwa na mita mia kamili. Baada ya miaka kadhaa ukasoma tisini na tano, kisha tisini. Tepu ya kitambaa ikivutwa sana hulegea, na iliyolegea huhesabu pungufu. Hilo kila fundi analijua. Wateja wake hawakuwahi kulalamika, kwa kuwa mwili na kitambaa vyote alivipima kwa tepu ileile. Basi kila uwanja ulipopungua, Kocha alisogeza goli la mashariki, akachora upya mstari wa katikati kwa chokaa, na maisha yakaendelea.

Mradi uliitwa Mpira na Daftari. Nyuma ya goli la magharibi palikuwa na kontena la ligi, ndani yake madawati kumi na moja, na humo Mwalimu alifundisha kila baada ya mazoezi. Kila mchezaji mkubwa alikuwa na mdogo wake wa kumshika mkono: kumkagulia daftari, na kumfuata nyumbani akikosekana siku mbili. Tena palikuwa na sheria. Kwenye kibendera cha kona Mwalimu alitundika ubao wenye hesabu moja, na asiyeipata haingii uwanjani. Kwa sheria hiyo timu ilizoea kuanza mazoezi bila golikipa. Komeo alidaka mpira wa aina yoyote, ila hesabu zilimpita katikati ya miguu.

Alishaanguka mtihani mara moja, kwa hesabu peke yake. Mradi ulikuwa umemwandikisha aurudie mwezi uliofuata, na hapakuwa na mara ya tatu. Baba yake alishasema, kwa upole kabisa, kwamba akianguka tena ataenda kufungasha vitunguu kwa shangazi yake. Komeo hakuwa na ugomvi na vitunguu, lakini alitaka kuwa nesi, na alilitaka jambo hilo kiasi cha kuliota mchana.

Walikuwa wameshachora mstari mpya wa katikati na bado wanakusanya vijiti, tarishi wa Mwenyekiti wa mtaa alipoleta barua. Barua ilisema kwamba kiwanja kimeuzwa kwa mwenye ghala, na trekta litaingia kesho asubuhi. Aliyetia saini ni Mwenyekiti mwenyewe, yuleyule aliyewakabidhi kombe kila mwisho wa msimu na kupiga nao picha akiwa katikati. Mwalimu aliisoma mara mbili. Kisha alisema lile ambalo kila mtu alilijua: mkaguzi wa ligi anakuja Jumamosi, na timu isiyo na uwanja wa nyumbani inafutwa. Ikifutwa, kontena linarudi ligi, na majina ya wanaosubiri mtihani yanaondolewa pamoja nalo.

Komeo alizitazama glavu zake.

"Basi vitunguu," alisema.

Kocha alikaa chini palepale konani, na kama mtu yeyote wa kazi yake anapozidiwa na mawazo, vidole vyake vikaanza kutafuta uzi. Viliupata. Aliuvuta taratibu, na kona ya uwanja ikanyanyuka pamoja na kibendera chake.

"Umeshonwa kwa mkono," alisema. "Mishono mirefu hii. Aliyeshona alikuwa na haraka zake."

Mwalimu aliinama akatazama, akakubali kwamba mishono ilikuwa mirefu. Wakatumwa watu dukani kununua nyembe. Wachezaji ishirini na wawili walijipanga kuuzunguka uwanja na kuanza kufumua, na Kocha alipita nyuma yao akiwakumbusha wakate uzi, wasikate nyasi. Kabla jua halijazama, uwanja ulikuwa umelala juu ya ardhi bila kushikwa na chochote, ukipepea kidogo pembeni upepo ulipovuma.

"Upana mita sitini," Mwalimu alisema. Hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite. "Tukiukunja mara mbili kabla ya kuuviringisha, mzigo utakuwa na urefu gani? Komeo."

Wote walimgeukia. Komeo aliukunja mkono wake hewani mara moja, halafu tena.

"Kumi na tano."

"Beba mbele," alisema Mwalimu.

Walitoka nao barabarani jioni hiyohiyo, kumi na mmoja kila upande, mzigo mabegani, nyuma yao wadogo wakiburuta mabomba ya magoli. Uwanja ulinuka majani mabichi na viatu. Kwenye kona ya duka la dawa ilibidi warudi nyuma mara tatu ndipo wapinde. Mtu wa baiskeli aliwauliza wanapeleka wapi, wakamwambia hawajui bado, akawatakia heri.

Aliyewapa mahali ni msimamizi wa soko, ambaye Kocha alikuwa amemshonea suti ya harusi na suti mbili za misiba. Soko lilikuwa jengo moja refu lenye paa bapa la zege, lililozungushiwa ukuta wa kufika kiunoni. Juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa matangi mawili ya maji, nayo yakasogezwa pembeni Alhamisi. Muuza nyanya mmoja tu ndiye aliyeweka masharti.

"Mpira ukiniangukia kwenye nyanya," alisema, "nyanya hizo mmenunua. Sitaki kusikia mlikuwa mnaongoza ngapi."

Ijumaa asubuhi waliufungua juu ya paa. Paa lilikuwa na urefu wa mita themanini na tatu na uwanja themanini na tano, kwa hiyo ulining'inia ukutani upande mmoja kama shuka lililotandikwa na mtoto. Hilo halikumtisha Kocha. Ni mita mbili za kupinda, basi. Na kwa kuwa pindo hushonwa nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, aliamuru uwanja ugeuzwe.

Upande wa chini ulikuwa mweusi, wenye mizizi mifupi na minyoo wachache waliojiondokea wenyewe. Chokaa ya miaka yote, hata ile ya Jumatano, ilikuwa imepenya mpaka huku. Kocha alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano ya magunia aliposikia Komeo akimwita.

"Kocha, mbona mistari ya katikati iko minne?"

Ilikuwa minne kweli, imelala sambamba, mmoja baada ya mwingine, kuelekea magharibi. Komeo alipima nafasi zake kwa hatua, kisha akaomba tepu, kisha akaitazama tena mistari akiwa amefumba jicho moja. Mwalimu alifungua kinywa amsaidie. Kocha akamkanyaga mguu.

"Kati imesogea mita mbili na nusu kila mara," Komeo alisema hatimaye. "Kati ikisogea mbili na nusu, mwisho umekatwa tano. Mara tatu, kumi na tano. Mia toa kumi na tano... Kocha, tepu yako haijalegea."

Kocha aliichukua tepu akailinganisha na rula ya chuma ya Mwalimu. Zilikubaliana mpaka mstari wa mwisho. Alikwenda ukingo wa mashariki, akaushika. Haukuwa na matundu ya mshono wala pindo. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi mkubwa, mkato safi wa mtu aliyekuwa na muda wa kutosha. Ukuta wa ghala ulikuwa umetembea mita kumi na tano kwa miaka yote ile, likizo baada ya likizo, na yeye, mtu wa vipimo, alikuwa akijilaumu kwa kuvuta tepu. Aliona uchungu, na aliona aibu zaidi ya uchungu. Akaketi juu ya tangi la maji kwa muda.

Halafu alirudi akapiga magoti na kuanza kupinda. Alishona mita sitini za pindo kwa mkono, mishono midogo, na mita mbili za ziada akazikunjia ndani bila kuzikata.

"Kwa nini usikate tu, Kocha?" mmoja wa wadogo aliuliza. "Utakuwa mwepesi."

"Sare ya shule nikikushonea, pindo la chini huwa nalikata?"

"Hapana."

"Naliacha la nini?"

"Nikikua."

"Haya, nipe mkasi wa uzi."

Mkaguzi wa ligi alifika Jumamosi, uwanja ukiwa umegeuzwa tena nyasi juu, akapanda ngazi arobaini na mbili akihema, na kutoa fomu yake. Nyasi: zipo. Magoli: mawili. Mistari: inaonekana. Palipoandikwa "mahali ulipo uwanja" alifikiri kidogo, kisha akaandika "juu ya nyanya", akafuta, akaandika "sokoni". Alitaka kujua kama mipira huanguka. Wakamwambia huanguka, na hurudishwa. Akagonga muhuri. Kontena likavutwa na lori hadi nyuma ya soko, madawati yote kumi na moja yakiwa ndani, na jina la Komeo likabaki pale lilipokuwa.

Jumatatu Kocha na Mwalimu walikwenda ofisi ya ardhi. Afisa aliwasikiliza vizuri, na, tumpe sifa yake, alikubali kupanda juu ya paa na kuonyeshwa upande wa chini. Alihesabu mistari minne. Aliupapasa ukingo uliokatwa. Kisha akafungua faili lake.

"Mnachosema nakiona kwa macho yangu," alisema. "Lakini hati inasema pale hapajawahi kuwa na uwanja."

"Ulikuwepo," Kocha alisema. "Si huu hapa?"

"Ndiyo, mama. Huu uko hapa. Kule nikienda sasa hivi, nitaukuta?"

Kocha alimtazama. Afisa aliinamisha macho kwenye faili, akaandika kwamba malalamiko yamepokelewa, na yalikuwa yamepokelewa kweli. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Kocha aliporudi kwenye cherehani yake aliikanyaga siku nzima kama anayemkanyaga mtu.

Ghala lilimaliza kutambaa mwezi uleule. Lilifika hadi pale lilipokuwa goli la magharibi, likapakwa rangi ya krimu, na juu ya geti wakaandika kwamba hairuhusiwi kucheza mpira.

Mazoezi yaliendelea. Ubao wa hesabu ulihamia mwisho wa ngazi, na muuza nyanya akawa msimamizi wake. Hakuwa amemaliza shule, lakini jibu alikuwa akipewa na Mwalimu kwenye karatasi, na hakuwa na huruma. Mpira ulipoanguka aliurudisha juu kwa mikono miwili, na aliyeufuata alirudi na kilo ya nyanya atake asitake. Mwalimu alitunga hesabu za ngazi, za nyanya, za mapindo. Komeo alikuwa bado wa mwisho kupanda, ila sasa timu ilimngoja dakika tano badala ya ishirini. Siku ya mtihani, mdogo wake wa kumshika mkono ndiye aliyemsindikiza mpaka mlangoni, na Kocha alimshonea kifuko kidogo cha kalamu. Alikishona ndani nje kwa haraka, ikabidi akigeuze.

Msimu ulipoisha, Mwenyekiti alikuja kukabidhi kombe. Alipanda ngazi zote, akafuta jasho, akawahutubia kwamba ahadi ni deni, na kwamba hatimaye amewapatia vijana uwanja wa kisasa, wenye hewa safi. Wazazi walipiga makofi, kwa kuwa kombe lilikuwa zuri na watoto walikuwa wao. Alipiga picha akiwa katikati. Hakuna aliyemfanya chochote. Komeo, nahodha, alimshika mkono vizuri kama mtu aliyefunzwa adabu, na akaubana kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Matokeo yalitoka wiki hiyo. Hesabu, alama hamsini na moja, na ya kufaulu ni hamsini.

"Moja ya nini?" Kocha aliuliza, machozi yakimtoka waziwazi.

"Ya ziada," alisema Komeo. "Nimeacha pindo."

Siku ya mwisho kabla ya likizo, Kocha alipanda peke yake kuukagua uwanja. Mchana ulikuwa mkali, na chini muuza nyanya alikuwa akibishana na mteja. Kocha alipiga magoti ukingoni na kuzipima mita mbili alizozikunjia ndani, kwa tepu ileile. Ikasoma mita mbili na shubiri moja. Akapima tena kwa rula ya Mwalimu, ikawa vilevile. Nyuzi za pindo zilikuwa zimeanza kuvutika, na nyasi changa zilichungulia katikati ya mishono.

Zamani angeilaumu tepu. Lakini tepu ikilegea huhesabu pungufu; haijawahi kuzidisha. Kocha aliivaa shingoni, akatoa wembe mfukoni, akaanza kulegeza pindo, mshono mmoja mmoja, ili uwanja upate nafasi.